Kadi ya Zamani, Umeme Mpya: Historia ya Viunganishi vya Nguvu ya Kompyuta kwa Mtazamo wa Ufukwe wa Ngumbo, Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika katika miji midogo na vijiji vya Tanzania zimekwishatumika kwingine kabla ya kufika. Mashine ya namna hiyo inapofikishwa Ngumbo, kata iliyo mwambao wa Ziwa Nyasa katika Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, vipuri vyake huwa na umri tofauti. Kadi ya michoro, yaani kipuri kinachoandaa picha inayoonekana kwenye kioo, mara nyingi huishi kuliko mashine iliyozaliwa nayo. Hapo huzuka swali: kadi ya zamani itapataje umeme kutoka kwenye pawa saplai ya kompyuta mpya?

Swali hilo kwa kawaida huachiwa fundi. Makala haya yanalichukulia kuwa swali la kihistoria. Hoja kuu ni kwamba kiunganishi cha umeme ni hati: umbo lake, idadi ya pini zake na rangi za nyaya zake zimehifadhi uamuzi uliofanywa na watengenezaji wa wakati fulani. Gharama ya kila badiliko katika uamuzi huo huwaangukia zaidi wale wanaokipokea kifaa mwishoni mwa safari yake. Asiyeisoma hati hiyo huweza kuunguza kadi, mashine au hata nyumba.

2.0 Ufukwe wa Nyasa na Desturi ya Kuunganisha

Kuoanisha chombo cha zamani na nguvu mpya si jambo geni katika ziwa hili. Meli ya Chauncy Maples, iliyotumiwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, iliundwa Uskoti, ikasafirishwa ikiwa vipande, ikaunganishwa upya ziwani na kushushwa majini mwaka 1901. Katika miaka ya 1960 mtambo wake wa mvuke uliondolewa na kuwekwa injini ya dizeli. Bodi lilibaki lile lile. Kilichobadilika ni chanzo cha nguvu na viungo vya kukifikisha kwenye rafadha.

Umeme nao ulifika Ruvuma kwa hatua. Kwa miaka mingi miji ya Songea na Mbinga ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO zisizounganishwa na gridi ya Taifa. Laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na Sweden, ilibadili hali hiyo mwaka 2018. Kwa upande wa vijiji, kazi ya kusambaza umeme imeongozwa na Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005.

Historia ya kompyuta yenyewe nchini ilikuwa na pengo. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo. Marufuku hiyo iliangukia kipindi ambacho kompyuta binafsi zilizaliwa na kuenea duniani. Kwa hiyo, mafundi wengi wa Tanzania walizipokea mashine hizo zikiwa tayari zimepitia vizazi kadhaa, na vizazi hivyo vikaja pamoja badala ya kufuatana.

3.0 Kutoka Volti 5 hadi Volti 12

Pawa saplai ya kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na uwezo wa wati 63.5 tu. Sehemu kubwa ya saketi za wakati huo ilitumia volti 5, huku volti 12 zikiendesha hasa mota za diski. Umeme uliingia kwenye ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, kupitia plagi mbili zinazofanana, P8 na P9. Kuzibadilisha nafasi kuliweza kuharibu ubao. Kinga pekee ilikuwa kanuni ya kukumbuka kwamba nyaya nyeusi za plagi zote mbili hukaa pamoja katikati. Mwaka 1995 Intel ilitoa mwongozo wa ATX, na plagi hizo mbili zikawa moja yenye pini 20 ambayo haiingii kinyume. Kilichokuwa kanuni ya kichwani kikageuzwa kuwa umbo la plastiki.

Badiliko lililofuata lilihusu volti. Mzigo wa wati 60 unahitaji ampea 12 kwa volti 5, lakini ampea 5 tu kwa volti 12. Kwa kuwa joto kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo, waya ule ule hupata joto karibu mara sita zaidi unapopeleka mzigo huo kwa volti 5. Vichakato vilipozidi kula umeme, volti 12 zikawa njia kuu. Pentium 4 ya mwaka 2000 ilikuja na plagi ya ziada ya pini 4 kwa ajili hiyo, na kufikia mwaka 2020 Intel ilikuwa imetoa mwongozo wa ATX12VO, ambamo pawa saplai hutoa volti 12 peke yake.

Kadi za michoro zilipita njia hiyo hiyo. Nafasi ya AGP, iliyoanza kutumika mwaka 1997, iliweza kutoa takriban wati 42. Kadi ya Voodoo5 5500 ya mwaka 2000 haikutosheka na kiasi hicho, ikaazima plagi ya pini 4 ya diski, maarufu kwa jina la Molex: waya wa njano wa volti 12, mwekundu wa volti 5 na miwili myeusi. Mwaka 2004 nafasi ya PCI Express ilianza kuchukua mahali pa AGP. Yenyewe hutoa hadi wati 75, na ikaja na plagi mahsusi ya pini 6 inayoongeza wati 75. Plagi ya pini 8, ya wati 150, ilifuata mwaka 2007. Mwaka 2022 ikatoka plagi ya pini 16 yenye uwezo wa hadi wati 600, na mwaka ule ule zikaripotiwa plagi zilizoyeyuka. Umbo lake likarekebishwa mwaka 2023.

4.0 Kuingia kwa Plagi na Kubeba Mzigo

Mfuatano huo unaonesha kwamba mwelekeo wa kuunganisha una uzito wake. Kadi ya PCI Express ya zamani yenye soketi ya pini 6 haina shida kubwa kwenye pawa saplai mpya. Plagi ya kisasa ya pini 8 mara nyingi imegawanyika kuwa 6 na 2. Fundi hutumia zile 6 na kuziacha 2 zining'inie. Watengenezaji walipanga iwe hivyo. Kadi ya AGP haina njia hiyo, kwani ubao mpya hauna nafasi ya kuipokea hata kama umeme wake upo.

Ugumu mkubwa hutokea pale mpya na zamani vinapobadilishana upande. Mashine nyingi zilizotoka ofisini zina pawa saplai ndogo isiyo na plagi ya kadi. Hapo hutafutwa adapta ya kutoka plagi ya SATA ya diski kwenda pini 6. Adapta huingia barabara na kompyuta huwaka. Hata hivyo, plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikikadiriwa kubeba ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, sawa na wati 54. Soketi ya pini 6 inaruhusiwa kuomba wati 75. Kadi ikiomba wati hizo zote, wati 21 huzidi kiwango cha pini, mkondo wa ziada huzipasha joto kupita kiasi, na athari hiyo haionekani siku ya kwanza. Huonekana wakati kazi nzito, kama kuhariri video ya harusi, inapoendelea kwa saa nyingi.

Hatari nyingine ni ya kufanana. Plagi ya pini 8 ya kichakato na ile ya pini 8 ya kadi hukaribiana kwa sura, lakini pande za volti 12 na za nyaya nyeusi zimepinduliwa. Maumbo ya pini yalitofautishwa ili kuzuia kosa. Anayelazimisha kwa nguvu huivunja kinga hiyo. Vivyo hivyo, pawa saplai ya zamani yenye swichi ya volti 115 na 230, ikiwa imetoka Marekani na swichi haikugeuzwa, huweza kuungua mara inapochomekwa kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230. Pawa saplai za sasa nyingi hupokea volti 100 hadi 240 bila swichi, na hilo huzifanya zistahimili zaidi kushuka kwa umeme mwishoni mwa laini ndefu.

5.0 Nani Hubeba Gharama

Kuna mtazamo unaomwona fundi wa vijijini kuwa mtu wa kubahatisha. Ushahidi wa viunganishi unaudhoofisha. Fundi anayekarabati mashine za vizazi mbalimbali hulazimika kujua kanuni ambazo watengenezaji walikwishaziacha, tangu swichi nyekundu ya volti hadi plagi ya Molex. Ana historia mkononi. Hata hivyo, mfano wa adapta ya SATA unaonesha kikomo cha ujuzi unaotegemea macho: wati 54 na wati 75 hazionekani kwenye plastiki. Zimeandikwa katika miongozo ya Kiingereza, na mara nyingi hazichapwi kwenye adapta yenyewe.

Mmiliki wa studio anayepoteza kadi huko mwambao hupoteza pia nauli ya kwenda Mbinga au Songea, siku za kazi na imani ya wateja. Mtengenezaji aliyebadili umbo la plagi hakuiona hasara hiyo. Kwa mnunuzi wa namna hii, kadi isiyohitaji plagi ya ziada, kama GTX 750 Ti ya mwaka 2014 yenye mahitaji ya wati 60, huweza kuwa uamuzi wa busara kuliko kadi yenye nguvu zaidi, kwa sababu hula kutoka kwenye nafasi yake peke yake.

6.0 Hitimisho

Historia ya viunganishi ni historia ya kinga zilizohamishwa kutoka kichwani mwa fundi kwenda kwenye umbo la plagi. Uhamisho huo haukukamilika: umbo huzuia kuunganisha kinyume, lakini halizuii kuunganisha mzigo unaozidi uwezo. Pengo hilo linazibwa na hesabu ya wati pekee, na hesabu hiyo inahitaji kuandikwa kwa lugha ambayo fundi na mteja wake huijadili juu ya meza. Kiswahili tayari kina volti, wati, ampea, pini na plagi. Jambo ambalo bado ni haba ni maandishi yanayoviweka pamoja, ili anayepokea kifaa Ngumbo apokee pia masharti yake.