Damu Ndani ya Kichwa

Huku kwetu Kolwezi, tangu Musonoi mpaka Kingamyambo, mtu mwenye nguvu akianguka ghafula na kufa, matanga hayajaisha watu wamekwisha kuuliza: "Nani amemmaliza?" Mmoja anamtaja mjomba, mwingine mke, mwingine jirani aliyegombana na marehemu juzi. Wasomaji wapenzi, leo tutazame jinsi waganga walivyojifunza, polepole, kwamba pengine mwuaji ni mshipa wa marehemu mwenyewe.

Chini ya ubongo mishipa ya damu inaungana kama pete. Mwingereza Thomas Willis aliieleza vema mwaka 1664. Penye njia panda za mishipa hiyo, ukuta wa mshipa huweza kulegea, ukatuna kama tunda dogo juu ya tawi. Uvimbe huo unaitwa anevrisma. Mtu huweza kuwa nao miaka mingi bila kujua. Siku unapopasuka, kichwa kinauma ghafula kuliko siku zote za maisha yake; anatapika, shingo inakakamaa, pengine anazimia.

Zamani mambo hayo yalijulikana kwa kupasua maiti tu. Mwaka 1891 Mjerumani Heinrich Quincke alionyesha namna ya kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Yakiwa na damu, mganga amepata alama. Mwaka 1927 Mreno Egas Moniz aliweza kupiga picha ya mishipa katika kichwa cha mtu aliye hai. Na mwaka 1937, mwaka ule ule ulipoanzishwa mji wetu wa Kolwezi, Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, aliibana shingo ya uvimbe kwa kibano kidogo cha fedha. Mgonjwa akapona.

Lakini damu haifuati njia moja. Kwa kawaida inaenea katika maji yaliyo kati ya tando za ubongo. Mara nyingine inapenya ndani ya ubongo wenyewe, au inajaza vyumba vyake vya maji. Pengine damu huonekana hata ndani ya jicho, mtu akaona giza. Mfaransa Albert Terson aliandika habari hiyo mwaka 1900. Tena, mara chache sana, inakusanyika chini ya utando mgumu wa nje, mahali pale pale inapokusanyika damu ya mtu aliyepigwa kichwani.

Tazameni hatari yake! Mtu ameanguka peke yake, kumbe alama iliyo kichwani inafanana na ya kipigo. Mwenye haraka atasema amepigwa, na asiye na kosa atafungwa. Ndiyo maana mganga mwangalifu hutafuta mshipa uliopasuka kabla ya kutoa neno. Kadhalika, mwaka 1985 waganga wa Uholanzi walieleza wagonjwa wenye damu mbele ya shina la ubongo, lakini uvimbe haukuonekana kabisa. Na wengi wao walipona vizuri.

Wengine walisema ugonjwa huu ni wa Wazungu, kwa Waafrika ni haba. Mwaka 2009 wataalamu wa Nairobi walitoa habari za wagonjwa 56 wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Basi, tusidanganyike: asiyetafutwa haonekani.

Shinikizo la damu na tumbaku huongeza hatari. Mtu akishikwa na maumivu ya kichwa ya ghafula namna hiyo, apelekwe hospitali siku ile ile, hata akisema amepata nafuu. Maana mara nyingine damu kidogo hutangulia, na nyingi hufuata. Na kama amekufa, tusikimbilie kwa mpiga ramli. Marehemu hatarudi kwa kumsingizia jirani, lakini jirani aweza kupotezwa kwa neno moja la uongo.