Tuseme (programu ya shule za sekondari)

Tuseme ni programu ya usawa wa kijinsia shuleni iliyoanzishwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha ikaenezwa katika nchi nyingine za Afrika na FAWE, jukwaa la wanawake wanaelimu lenye makao makuu Nairobi. Waasisi wake, Penina Mlama na Amandina Lihamba, ni maprofesa wa sanaa za maonyesho na pia waandishi wa tamthilia.

Njia waliyoitumia ina asili yake vijijini. Katika miaka ya 1980 wahadhiri hao walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo katika vijiji kama Malya mkoani Mwanza na Msoga wilayani Bagamoyo, ambako wanakijiji walitaja tatizo, wakalitungia mchezo, wakauonyesha na kuujadili papo hapo. Mlama alikuwa ameshaandika pia Nguzo Mama (1982), tamthilia ya wanawake wa kijiji cha Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo isiyosimama. Tuseme iliipeleka njia hiyo shuleni.

Kazi huanza kwa wasichana kutaja yanayowakwamisha, na yanayotajwa hufanana kutoka shule hadi shule: choo kisicho na mlango wala maji, safari ndefu ya alfajiri na dereva anayetoa lifti kwa masharti, geto la kupanga kwa kuwa shule haina hosteli, mwalimu wa hesabu anayewauliza wavulana tu, na yule anayeagiza madaftari apelekewe nyumbani na msichana mmoja, peke yake. Baada ya kuchimba chanzo cha kila kero hutungwa igizo, ngonjera au ngoma. Msichana wa kidato cha pili akivaa koti pana na kuigiza mwalimu huyo, ukumbi huangua kicheko. Rundo la madaftari likifika mlangoni pake, kicheko hukatika, hasa kwenye viti vya walimu.

Mjadala unaofuata ndio uzito wa programu, ingawa wageni wengi hukumbuka ngoma tu. Wazazi, walimu na bodi ya shule wako pale pale, na jambo ambalo lingeitwa utovu wa nidhamu kama lingesemwa ofisini hujibiwa hadharani. Hukubaliwa nani atafanya nini na lini, kisha klabu ya Tuseme, chini ya mwalimu mlezi, hufuatilia.

Programu nyingine za kuwapa wasichana mifano ya kuigwa huegemea mgeni: daktari au mhandisi huletwa siku ya mahafali, huhutubia, hupigwa picha na kuondoka. FAWE nayo huwatumia wanawake wa namna hiyo, na katika masomo ya sayansi wana faida yao. Hata hivyo, mhandisi aliyeshuka garini yuko mbali na mtoto wa shule ya kata. Dada wa kidato cha nne aliyemkabili mwalimu mkuu jukwaani, na jioni akapanga foleni ya ugali pamoja na mtoto huyo, humwonyesha kwamba kusema kunawezekana hapo hapo alipo. Hapo Tuseme inazizidi nyingi ya programu hizo.

FAWE yenyewe iliasisiwa mwaka 1992 na wanawake watano waliokuwa mawaziri wa elimu, na Mlama alikuja kuwa mkurugenzi mtendaji wake. Tuseme iliingizwa katika shule zake za mfano, ikiwemo Mgugu mkoani Morogoro, na ikafika Kenya, Rwanda, Senegal, Gambia na Namibia. Wavulana nao walikaribishwa klabuni, uamuzi wa busara kwa kuwa baadhi ya kero zilizotajwa ziliwahusu.

Udhaifu wa Tuseme unajulikana: mlezi akihamishwa, klabu hulegea. Tena kuna mambo ambayo shule haina mamlaka nayo. Msichana aliyepata mimba nchini Tanzania aliendelea kufukuzwa hata pale ambapo wenzake walikuwa wamelicheza suala lake na wazazi wakaafiki arudi, hadi serikali ilipotangaza mwezi Novemba 2021, na kuthibitisha kwa Waraka wa Elimu Na. 2, kwamba anaweza kurejea masomoni baada ya kujifungua.