Mjane mzee Ukambani: Sheria, matibabu na mwethya

KATIKA kaunti za Kitui na Makueni, mwanamke anayefiwa na mumewe uzeeni hupoteza zaidi ya mwenzi. Aghalabu hati ya shamba huwa na jina la marehemu pekee, na si ajabu wana au mashemeji kuanza kupima mipaka kabla ya matanga kuanuliwa.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, humlinda. Mume akifariki bila wosia na kuacha mke mmoja na watoto, vyombo vya nyumbani huwa mali ya mjane. Mali iliyosalia, shamba likiwemo, ana haki ya kuitumia maishani mwake kabla ya watoto kugawana. Kifungu cha 45 chatoa adhabu ya faini, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, kwa anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Hata hivyo, kesi ya mirathi yahitaji cheti cha kifo na barua ya chifu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kwa asiye na mwana, mila ya Wakamba ilikuwa na jawabu: iweto. Mwanamke alimwoa mwanamke mwenzake ili watoto watakaozaliwa wabebe jina la mume wa mwoaji na kurithi shamba lake.

Afya nayo ni suala la fedha. Shinikizo la damu na kisukari hutaka dawa kila siku, na zahanati huwa mbali. Mpango wa MakueniCare, ulioanzishwa mwaka 2016 enzi za Gavana Kivutha Kibwana, uliitoza familia Sh500 kwa mwaka, huku waliozidi miaka 65 wakitibiwa bila malipo.

Katiba ya 2010 humhesabu mtu kuwa mzee akipita miaka 60. Lakini Inua Jamii, ilipopanuliwa mwaka 2018, iliwapa Sh2,000 kwa mwezi waliotimiza miaka 70. Aliyefiwa akiwa na miaka 61 alitakiwa kusubiri miaka tisa.

Katika pengo hilo, tegemeo la karibu ni mwethya, kundi la majirani, wengi wao wanawake, wanaolimiana kwa zamu, kuchimba matuta ya 'fanya juu' na kujenga mabwawa ya mchanga mitoni. Ila mwethya hulipwa kwa jasho. Mjane aliyeishiwa nguvu, zamu yake ikifika, hana budi kumtuma mjukuu, ikiwa anaye.