Kabila la Benyamini Lililokaribia Kufutika

Kati ya makabila kumi na mawili ya Israeli, la Benyamini lilikuwa dogo. Lakini habari zake zina fundisho kubwa.

Benyamini ndiye kitinda mimba wa Yakobo. Rakeli, mama yake, alikufa katika kumzaa, njiani karibu na Betlehemu. Akikata roho alimwita Benoni, maana yake mwana wa uchungu wangu. Lakini baba akambadilishia jina, akamwita Benyamini, yaani mwana wa mkono wa kuume.

Nchi ya Kanaani ilipogawanywa, Wabenyamini walipata sehemu nyembamba, kati ya Efraimu upande wa kaskazini na Yuda upande wa kusini. Humo mlikuwamo Yeriko, Beteli na Gibea. Walikuwa hodari wa vita: Kitabu cha Waamuzi chataja watu 700 wenye kutumia mkono wa kushoto, waliotupa mawe kwa kombeo bila kukosa.

Zamani zile, kabla ya wafalme, Mlawi mmoja alilala Gibea pamoja na suria wake. Waovu wa mji wakaizunguka nyumba. Mlawi akamtoa mwanamke nje ili ajiponye mwenyewe, nao wakamtesa usiku kucha hata akafa. Makabila mengine yakakusanyika, yakadai watolewe wenye kosa. Wabenyamini wakakataa, kwa sababu hao ni watu wao. Hivyo, kwa kuwakinga waovu wachache, kabila zima likaingia vitani. Siku mbili walishinda. Siku ya tatu askari wao zaidi ya 25,000 wakaanguka, na miji yao ikachomwa moto. Walisalia wanaume 600 tu, waliokaa miezi minne penye mwamba wa Rimoni.

Nao washindi hawakushangilia. Walilia mbele ya Mungu, kwa kuwa kabila moja lilitaka kupotea katika Israeli. Lakini walikwisha kuapa wasiwaoze binti zao. Basi wakaupiga mji wa Yabesi wa Gileadi, ambao haukuja vitani, wakawaachia uhai wasichana 400 tu ili wawe wake za Wabenyamini. Wengine wakanyakuliwa huko Silo. Njia hiyo haifai kusifiwa: walitibu jeraha moja kwa kufungua jingine.

Hata hivyo, katika masalio hayo alitoka Sauli wa Gibea, mfalme wa kwanza wa Israeli, katika karne ya 11 kabla ya Kristo. Vita vyake vya kwanza vilikuwa vya kuwaokoa watu wa Yabesi, waliozingirwa na Waamoni. Nao hawakusahau: Sauli alipokufa, walikwenda usiku, wakaiondoa maiti yake ukutani Betsheani, wakaizika kwa heshima.

Baada ya Solomoni, ufalme ulipogawanyika, Benyamini alibaki pamoja na Yuda. Walichukuliwa pamoja utumwani Babeli Yerusalemu ulipoangamizwa mwaka 586, na tangu 538 wakaanza kurudi pamoja. Karne nyingi baadaye Mtume Paulo, aliyeitwa pia Sauli, aliwaandikia Warumi na Wafilipi kwamba yeye ni wa kabila la Benyamini.

Basi tuone: kumkinga mwovu kwa sababu ni wa ukoo wetu ni kuutia ukoo wote hatarini. Na anayetaka kufuta ukoo mzima kwa kosa la wachache, ajue hajui ni nani atakayezaliwa humo kesho. Kama wale 600 wangaliuawa, Paulo angalitoka wapi?