Wazee wa Keya Wakutanapo

Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na tarehe 11 Novemba, wazee hukusanyika katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong, mjini Nairobi. Hao ni askari wa zamani, pamoja na watoto na wajukuu wa wenzao waliokwisha kufa. Kuna wakati walikuja wengi, wakipiga mguu chini kama makuruta. Waliobaki leo wa Vita vya Pili vya Dunia wamekaribia umri wa miaka mia, na wengine wameupita. Hushikwa mkono, ama husukumwa katika viti vya magurudumu. Nishani zimepangwa kifuani. Tarumbeta hulia, watu hunyamaza kwa dakika mbili, mashada ya maua huwekwa, na baadaye wazee huketi kuzungumza. Mgeni apitaye njiani huenda akadhani kwamba ni maziko. Lakini wewe, msomaji, ukipata nafasi ya kufika, mtazame mzee anavyogeuza kichwa huku na huku kabla ya kuketi. Anahesabu. Ataka kujua nani wa mwaka jana hakuja.

Kikosi anachokihesabu hakimo tena katika jeshi lolote duniani. Kiliundwa tarehe 1 Januari 1902, Waingereza walipounganisha vikosi vyao vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda, wakakipa jina la King's African Rifles. Watu wetu walizichukua zile herufi tatu za mwanzo, K.A.R., wakazitamka "Keya", na jina likashika. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, batalioni za Kenya, yaani ya 3, ya 5 na ya 11, ziligeuka kuwa Kenya Rifles. Za Tanganyika na Uganda zilikuwa zimekwisha kufuata bendera za nchi zao. Basi mtu aliyekula kiapo katika Keya hana kambi ya kurudia. Kambi yake ni siku hiyo moja ya Novemba.

Nayo tarehe yenyewe ina kisa chake. Tarehe 11 Novemba 1918 ndiyo siku ambayo bunduki zilinyamaza Ulaya. Huku kwetu hazikunyamaza. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa bado porini katika nchi iitwayo leo Zambia, na askari wa Keya walikuwa bado wanamfukuza. Habari za amani hazikumfikia hadi siku mbili baadaye, wala hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba, katika mji wa Abercorn, ambao sasa huitwa Mbala. Kwa hiyo siku tunayoiadhimisha ni ya saa ya Ulaya. Saa yetu ilichelewa majuma mawili.

Mazungumzo yao baada ya sala ni ya Kiswahili cha jeshini, "Kikeya", ambacho mwanafunzi wangu akiniandikia katika insha nitamchorea mistari myekundu tangu juu hadi chini. Ngeli zimevurugika, vitenzi vimekatwa mikia. Hata hivyo lugha hiyo iliwawezesha Mkamba, Mnandi, Mluo na Mnyamwezi kulala katika handaki moja na kuelewana usiku wa manane. Sidhani kwamba sarufi yangu ingewafaa zaidi.

Na huzungumza nini? Mara nyingi ni Burma, nchi iitwayo leo Myanmar. Katika vita vya 1939 hadi 1945 Waafrika Mashariki zaidi ya laki mbili walivaa sare. Walipigana kwanza na Waitaliano huko Somalia na Ethiopia, halafu wakavuka bahari. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipewa kazi ya kushuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944, ikiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma. Bonde hilo lilikuwa na malaria kali kuliko karibu mahali pote pa Burma. Barabara iligeuka kuwa uji wa matope, magari yalizama, chakula na risasi vilitupwa kwa miavuli kutoka katika ndege. Mwanzoni mwa Desemba 1944 walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo likajengwa daraja la chuma lenye urefu wa futi zaidi ya 1,100. Jeshi kubwa likapita juu yake kwenda mbele. Ukisoma vitabu vingi vya vita hivyo utaliona daraja. Waliosafisha njia ya kulifikia hutajwa kwa mstari mmoja au miwili.

Wako pia ambao hawakuiona Burma. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Ceylon. Ndani yake mlikuwamo kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake pia. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu karibu 1,300 walikufa. Bahari haina kaburi, lakini majina ya wale askari wa mizinga yameandikwa katika ukumbusho uliomo humo humo katika makaburi ya barabara ya Ngong, na mjukuu aweza kuweka kidole chake juu ya jina la babu.

Sasa fikiri juu ya wale wasioweza kuguswa hivyo. Katika vita vya 1914 hadi 1918 jeshi la Waingereza lilichukua wapagazi kwa malaki, wengi wao kwa nguvu, kwa sababu mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Wapagazi waliokufa kwa kuhara damu, malaria na njaa walizidi 90,000. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ndipo tukapata majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Watu hununua mboga na viondo mahali hapo kila siku bila kujua kwamba wanataja wafu. Baada ya vita hivyo, wakuu waliosimamia makaburi waliamua kwamba Waafrika wengi wasipewe kaburi lenye jina, wawekewe sanamu za jumla tu. Iliyoko katikati ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mwaka wa 2021 tume ya makaburi hayo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi.

Waliorudi hai nao walikuwa na hesabu yao. Mwaka wa 1919 serikali iliwagawia mashamba Wazungu waliokuwa askari, mengine yakikatwa katika nchi ya Wanandi; askari Mwafrika hakupewa shamba, na muda mfupi baadaye akavishwa kipande shingoni. Baada ya vita vya pili Wazungu waligawiwa tena. Mishahara ilikuwa imepangwa kwa rangi, hata kama cheo ni kimoja na risasi ni ile ile. Waruhiu Itote alipigana Burma, akarudi, akaingia msituni kwa jina la Jenerali China. Akili ya vita aliyofundishwa na Waingereza aliitumia dhidi yao.

Hapo ndipo penye uchungu wa nishani. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952, wako wazee waliozitupa au kuziharibu, kwa kuwa kichwa cha mfalme wa Uingereza kilichochongwa juu yake kingeweza kumponza mtu mbele ya jirani zake. Wakahudhuria mikutano ya Novemba miaka mingi kifua kitupu. Tarehe 1 Novemba 2023 Mfalme Charles wa Tatu alifika katika makaburi ya vita ya Kariokor, akawapa baadhi yao nishani nyingine mahali pa zile zilizopotea. Mmoja wa waliozipokea alikuwa amepita umri wa miaka mia. Mashamba hayakutajwa katika shughuli hiyo. Majina ya wapagazi yangali yanatafutwa katika makaratasi ya zamani ya jeshi.