Samaki wa kusafisha akwariamu anaweza kufa njaa kwa tanki safi. Jua rada kabla ununue

Kama umeweka akwariamu ya maji ya chumvi kwa keja, unajua ngori ya mwani. Mwanzo kioo kinang'aa, kila mgeni anapiga picha. Baada ya muda mawe yamefunikwa na nywele za kijani na hutaki mtu akuje. Hapo ndio unaambiwa ununue bleni, ati atamaliza hiyo kitu yote.

Na ukweli ni atamaliza. Shida inaanza akishamaliza.

Jina lake la kisayansi ni Salarias fasciatus, na aliandikwa kwa vitabu mwaka wa 1786 na Mjerumani Marcus Bloch. Wazungu humuita mashine ya kukata nyasi. Lakini ni wa huku pia. Anapatikana Bahari ya Shamu, anashuka pwani ya Afrika Mashariki hadi Msumbiji, na upande ule mwingine anafika Samoa. Anapenda maji yasiyo na kina kirefu, kwa miamba na nyasi za bahari, na akikomaa anafika kama sentimita 14.

Sura si ya kushinda mashindano. Ni kahawia yenye madoa, na juu ya macho ana vinyweleo kama kope. Maringo ndio anayo. Anakaa juu ya jiwe siku mzima, jicho moja linaangalia huku lingine kule, kama makanga anatafuta abiria wa mwisho. Midomo ni minene, na meno yake ni mengi na membamba kama kitana. Akikwangua kioo anaacha alama ni kama mtu amekibusu.

Anachomanga ni mwani ule mwembamba unaoshika kioo, ile ya nywele fupi, na takataka laini inayojikusanya hapo katikati. Ule utando mwekundu wa utelezi hatagusa. Vile vibofu vya kijani pia usimtegemee. Na usimchanganye na yule samaki wa kunyonya kioo wenye wengi wanajua kwa maji yasiyo na chumvi. Ukimtupa bleni huko, umemuua.

Sasa stori ya njaa. Beshte yangu alimweka kwa tanki ndogo mpya. Mwezi wa kwanza mawe yalikuwa safi, jamaa akafurahi sana. Akaendelea kutupia samaki wengine chakula cha vipande, bleni anaangalia tu. Kioo kilikuwa kinang'aa siku yenye alimtoa amededi, tumbo limeingia ndani kama kijiko. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekosa dishi mbele ya watu.

Kwa hivyo kabla ufungue wallet, anza na tanki. Lita 110 ndio kiwango cha chini, na iwe na mawe mengi yenye mashimo, juu akiogopa lazima apate pa kuingia. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita, so hapo unahitaji kama kilo 4 za chumvi ya akwariamu. Ile ya ugali wachana nayo. Maji ya mfereji yatolewe klorini kwanza. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi yenyewe haiendi popote.

Tanki ikae miezi kadhaa kabla aingie. Amonia na nitriti zisome sufuri, na mawe yawe yameshashika mwani wa kutosha. Najua ni ngumu kungoja ukiwa na doo mfukoni, lakini hii ndio sehemu watu wengi huchoma. Weka pia kifuniko, huyu jamaa huruka. Bleni mmoja anatosha, wawili watapigania mawe. Na kwa vile stima zetu tunazijua, nunua pampu ya hewa ya betri mapema, usisubiri giza.

Ukienda kumchagua, mwangalie tumbo kabla ya rangi. Liwe limejaa kidogo, si kuingia ndani. Uliza muuzaji amlishe ukiwa hapo. Akikataa kula mbele yako, hata kwako anaweza kulenga chakula vilevile. Na wewe wa Pwani unayefikiria kushuka na wavu, kukusanya samaki wa mapambo kunahitaji leseni, na ndani ya hifadhi kama za Watamu, Malindi na Kisite hairuhusiwi kabisa.

Nyumbani, usingoje mawe yaishe. Tafuta nori, zile karatasi za mwani wa kukaushwa za kufungia sushi, zisizo na chumvi wala viungo. Kata kipande kidogo, kifunge kwa jiwe na raba, karibu na mahali hupenda kukaa. Chakula cha spirulina pia huwa wanakubali. Wengine hawajui hiyo karatasi ni dishi na watailenga siku kadhaa. Jioni toa kilichobaki kisichafue maji, kesho asubuhi weka kingine palepale.