Malindi na Mombasa Mbele ya Wareno

Usiwe mwepesi, ewe msomaji, wa kumlaumu Mfalme wa Malindi. Merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga kwake mwezi wa Aprili 1498, zilikuwa zimetoka Mombasa, mji ulioshindana naye kwa biashara. Yamkini alipiga hesabu hivi: nikiwapokea wageni hawa, nitapata rafiki mwenye mizinga, nikiwafukuza, huenda Mombasa ikanitangulia. Basi akawapa chakula, na rubani wa kuwafikisha Bara Hindi.

Mombasa nayo ilikuwa na hesabu yake. Wanahisabati wa siku hizi wana elimu waiitayo nadharia ya michezo, nayo huonyesha jinsi kila mchezaji aweza kuchagua lililo jema kwake, na wote wakafikia pabaya. Kama miji hiyo miwili ingalishikana, Wareno wangalitia nanga wapi?

Haikushikana. Mombasa ilichomwa moto 1505, na tena 1528, safari hii watu wa Malindi wakisaidia. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, wakamhamishia Mfalme wa Malindi atawale chini yao. Malindi ikafifia. Mwaka 1614 Sultani Hasan, wa ukoo huo huo, alikosana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko.